Saa ya mkononi si futi kamba

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie mjadala unaorudi kila msimu wa mbio za barabarani. Mashindano yakishamalizika tu, wasomaji wanaandika kwamba waandaaji wamewapunja: njia ilitakiwa kuwa kilomita 42.195, saa ya mkononi imeonyesha 42.6, basi njia ilikuwa ndefu na muda wa watu umeharibika. Ushahidi wenyewe ni picha ya kioo cha saa. Kwa heshima zote, ushahidi huo hausimami, na kutokujua saa inakosea wapi kunawasumbua zaidi wale wanaokimbia kwenda na kurudi kazini. Nitaanza na mashindano kwa kifupi, kisha nihamie kwenye matumizi ya kila siku.

Njia ya mbio inayotambuliwa kimataifa haipimwi kwa setilaiti. Hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu la mbele. Mpimaji kwanza ananyoosha futi kamba ya chuma kwenye kipande cha barabara kilichonyooka, kisichopungua mita 300, kisha anakipita kwa baiskeli mara 4 kabla ya kazi na mara 4 baada ya kazi ili ajue gurudumu lake linahesabu vipi siku hiyo, maana upepo wa tairi hubadilika jua likipanda. Halafu anafuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kuupita: kwenye kona anabana sentimita 30 kutoka ukingoni, na barabara ikipinda kushoto kisha kulia anaikata mshazari. Mwisho huongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikaonekana fupi ikipimwa tena. Kwa marathoni hiyo ni mita 42 zilizowekwa makusudi.

Mkimbiaji wa kawaida hawezi kuufuata mstari huo. Kona imejaa watu, meza ya maji iko upande wa pili, anampita huyu na kumkwepa yule. Kwenye kona ya pembe mraba, anayepita mita 4 nje ya mstari wa mpimaji ameongeza mita 6 na ushee. Kona 40 za namna hiyo ni mita 250, na amezikimbia kweli kwa miguu yake. Juu ya hapo saa nayo inaongeza zake: kila nukta ya mahali ulipo inayoiandika kwa msaada wa setilaiti inapotoka kidogo kushoto au kulia, na nukta zilizoyumba zikiunganishwa zinatoa mstari mrefu kuliko ulionyooka. Mita 400 za ziada kwenye marathoni si ajabu hata kidogo. Ikionyesha 42.195 kamili ndipo pa kushtuka.

Hasara inakuja pale mtu anapoiamini saa katikati ya mbio. Anayetaka kumaliza kwa saa 4 anahitaji kwenda dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita. Akishikilia mwendo huo kama kifaa chake kinavyouhesabu, na kifaa kikafika 42.6 kwenye utepe, atavuka akiwa amechelewa zaidi ya dakika 2 huku akiapa kwamba hakulegea popote. Dawa yake ni rahisi: zima kipengele kinachokata kilomita chenyewe, ubonyeze kitufe kwa mkono kila unapopita kibao cha kilomita. Na kwenye kioo weka wastani wa kilomita unayoikimbia, si kasi ya papo kwa papo. Anayekwenda mita 3 kwa sekunde asitegemee kifaa ambacho nukta zake hupotoka kwa mita 3 hadi 5 kimwambie kwa uhakika anakwendaje sekunde hii. Watengenezaji hulijua hilo, hivyo huchanganya sekunde kadhaa kulainisha namba, na ndiyo sababu ukiongeza mwendo ghafla saa inachelewa kukujibu.

Sasa tumwangalie anayetoka ofisini jioni na begi mgongoni. Malalamiko yake ni kwamba saa inachukua muda mrefu kushika setilaiti, na ramani ya kilomita ya kwanza ina mistari inayopita juu ya mapaa ya nyumba. Asubuhi, kwa saa ileile, mambo yalikuwa shwari. Setilaiti za GPS, mfumo wa Marekani wa kuonyesha mahali, ziko kilomita 20,200 juu ya ardhi, na kila moja hutangaza maelezo ya mahali ilipo kwa mwendo wa pole mno, biti 50 tu kwa sekunde. Maelezo hayo hurudiwa kila sekunde 30, na yakishapokelewa hufaa kwa takriban saa 4. Aliyekimbia alfajiri, ikifika saa 11 jioni maelezo yale yamekwisha muda wake. Kifaa kinaanza kuyapokea upya, na kikizibwa na jengo kabla hayajakamilika kinalazimika kusubiri mzunguko mwingine.

Njia ya mkato ipo. Karibu saa zote za mbio za miaka ya karibuni hupokea kutoka kwenye simu faili dogo la utabiri wa njia za setilaiti, linalodumu siku kadhaa kutegemea mtengenezaji. Wanaozima Bluetooth kutwa nzima ili kutunza betri ndio wanaojinyima faili hilo, kisha wanaisema saa kwamba ni mbovu. Fungua programu ya saa kwenye simu kabla ya kufunga kamba za viatu, iache imalize kazi yake. Ukitoka, usisimame mlangoni mwa ghorofa ambako nusu ya anga imezibwa. Sogea hadi penye uwazi. Saa ikikupa ishara kwamba iko tayari, usibonyeze bado. Ishara hiyo ina maana imepata setilaiti za kutosha kukisia ulipo, na nne zinatosha kwa hilo. Ipe nusu dakika au dakika nzima zaidi iokote nyingine, maana hizo za ziada ndizo zinazoutuliza mstari.

Hata ukifanya hivyo, katikati ya majengo marefu mstari utayumba. Saa hupima umbali wa setilaiti kwa muda ambao ishara imetumia njiani, na ishara husafiri sentimita 30 kwa kila sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ikigonga ukuta wa vioo ng'ambo ya barabara ndipo ikufikie, imezunguka mita kumi au ishirini zaidi, na saa inakuhamishia mtaa wa pili. Saa za zamani husikiliza masafa mamoja tu ya redio ya GPS, 1575.42 MHz. Zenye masafa mawili huongeza 1176.45 MHz, ambayo muundo wake unairuhusu saa kuitofautisha vizuri zaidi ishara iliyonyooka na ile iliyogonga ukuta. Tofauti inaonekana kabisa kwenye ramani, ila betri inalika haraka zaidi. Kwa anayepita bustanini au kando ya mto, masafa mamoja yanatosha na hakuna haja ya kununua saa nyingine. Kuwasha mifumo yote kwa pamoja, yaani GPS, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, husaidia anga linapokuwa finyu, lakini hakuondoi mwangwi wa kuta.

Kuna mipangilio miwili inayoharibu umbali kimyakimya. Wa kwanza ni wa kuandika nukta mara chache ili kubana betri. Ukiwekwa nukta moja kwa dakika, kila kona inakatwa na mbio inaonekana fupi. Kwa safari ya chini ya saa 3 weka kila sekunde, basi. Wa pili ni wa kusimamisha saa yenyewe unaposimama. Kwenye taa za barabarani saa inachelewa sekunde kadhaa kugundua kwamba umesimama, kisha inachelewa tena kugundua kwamba umeondoka; taa 15 baadaye umepoteza umbali na kasi yako imepambwa. Mjini uzime. Ikibidi kusubiri dakika nzima, simamisha kwa mkono, kwa sababu saa iliyoachwa ikihesabu huku umesimama huokota mita za kuyumba.

Kwa wanaopita chini ya madaraja, kwenye mahandaki au wanaokimbia kwenye mashine, kihisi cha kufunga kwenye kiatu kinashinda setilaiti, mradi kipimwe. Nenda kwenye uwanja wa riadha wa mita 400. Kimbia mizunguko 4 kwenye njia ya ndani kabisa, ukikaa sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani, maana mita 400 zimepimwa hapo. Njia ya pili ni mita 407 na ya tatu ni karibu 415, kwa hiyo ukimkwepa mtu na kubaki huko, kipimo kimeharibika. Tuseme saa imeandika mita 1,640 na namba ya marekebisho, ile inayosahihisha umbali wa kihisi kwenye mipangilio, ilikuwa 100. Gawanya 1,600 kwa 1,640, zidisha kwa namba iliyokuwepo: unapata 97.6, ndiyo ya kuingiza. Ukirudia wiki nyingine namba ikiwa 98.0 na saa ikaandika 1,584, namba mpya ni 99.0. Watu wengi hugeuza mgawanyo huo juu chini, na kosa linakuwa mara mbili. Pima kwa mwendo wako wa kawaida, na upime tena ukibadilisha viatu au ukikifunga kihisi mahali pengine.

Mapigo ya moyo yana fujo yake. Taa za kijani zilizo chini ya saa humulika ngozi na kupima mwanga unaorudi. Damu ikijaa kwenye mishipa mwanga unapungua, ikipungua mwanga unaongezeka. Unapokimbia, mkono unarushwa na saa inatikisika kwa mdundo wa hatua, na mdundo huo ukiwa na nguvu kuliko wa damu saa inaushika wenyewe. Dalili yake haifichiki: dakika ya tatu mapigo yanaruka ghafla kutoka 125 hadi 172, yanabaki hapo bapa kama meza, wakati unaongea na mwenzako bila kuhema. Fungua grafu na uweke mstari wa hatua kwa dakika juu ya mstari wa mapigo. Vikilaliana, umesoma hatua zako.

Sogeza saa vidole viwili juu ya kifundo cha mkono kuelekea kwenye kiwiko, uikaze shimo moja zaidi kabla ya kuanza, uilegeze ukimaliza. Wakati wa baridi mishipa ya ngozi husinyaa na hakuna damu ya kutosha kusomwa. Vaa shati la mikono mirefu na upashe mwili moto kwanza ndani. Mwenye chale ya wino mkononi avae mkono mwingine, kwa sababu wino hunyonya mwanga. Hayo yote yakishindikana, au ukifanya mazoezi ya kubadilisha kasi kila dakika, vaa mkanda wa kifuani unaosoma umeme wa moyo. Sioni sababu ya mtu kununua saa ghali zaidi kwa ajili ya mapigo wakati mkanda wa kawaida unaizidi.

Mkanda huo nao unataka adabu. Lowesha sehemu za kugusa ngozi kwa maji kabla ya kuvaa. Ukiwa mkavu, dakika za kwanza husoma namba za ajabu hadi jasho litoke, na shati la polista linalopepea huongeza umeme tuli juu yake. Ufue kwa mkono kwa sabuni laini kila baada ya mazoezi machache, bila dawa ya kulainisha nguo, kwani huacha utando usiopitisha umeme. Cha muhimu kuliko vyote, chomoa kile kidude cha katikati ukimaliza. Unyevu ukibaki kwenye vifungo, kidude kinadhani bado umekivaa na kinakesha kikitangaza. Betri ambayo ingedumu miezi mingi inakwisha ndani ya wiki chache. Betri kwa kawaida ni CR2032 ya volti 3, upande wa alama ya kujumlisha ukielekea kwenye kifuniko. Zipo zilizopakwa dawa chungu ili watoto wasizimeze, na baadhi ya vifaa havipokei umeme kupitia utando huo. Ukiweka betri mpya na kifaa hakiwaki, futa utando kwa kitambaa chenye spiriti kabla hujalaumu mtu. Kagua na ule mpira mwembamba wa duara usikae mshazari, vinginevyo jasho litaingia.

Urefu wa vilima niuseme kwa kifupi. Saa yenye kipimahewa huhesabu kwamba shinikizo la hewa likishuka kwa hektopaskali 1 umepanda mita 8 hivi. Mvua ikiwa inakuja, shinikizo linashuka na saa inakupa kilima ambacho hakipo. Kikionekana kigugumizi cha aina nyingine, yaani mstari unabaki bapa kisha unaruka, tundu la kihisi limezibwa na chumvi na uchafu. Loweka saa kwenye maji safi ya vuguvugu, isuuze, iache ikauke. Usichokonoe kwa pini.

Chumvi hiyohiyo ndiyo inayoua sehemu za kuchajia. Jasho likibaki kwenye vile vipini vya shaba na umeme ukapita, vinaota kutu ya kijani. Suuza saa, ikaushe kabisa, ndipo uichaji. Kutu ikishaanza, tumia mswaki laini na spiriti. Wengi wanaochajia pawabenki njiani hushangaa chaji inakatika baada ya nusu dakika. Saa huvuta umeme kidogo sana, na pawabenki inadhani hakuna kilichochomekwa, inajizima. Nyingi zina hali ya umeme mdogo, mara nyingi kwa kubonyeza kitufe mara mbili. Na ile 10,000 mAh iliyoandikwa ubavuni imehesabiwa kwa volti 3.7, yaani saa-wati 37. Ikishapandishwa hadi volti 5 na kupotea kidogo kwa joto, zinazofika kwenye simu ni kama 6,000 hadi 6,500. Hujaibiwa. Kwenye ndege ibebe mkononi, isizidi saa-wati 100.

Kuhusu begi, kosa kubwa ni kukimbia na kompyuta mpakato iliyolazwa tu bila kuzimwa. Inaweza kuamka yenyewe kupokea masasisho na kujipika ndani ya begi lisilopitisha hewa. Izime kabisa. Ikae upande wa mgongo, nguo zijazwe mbele yake hadi hakuna kinachocheza, kamba ya kifua na ya kiuno zote zifungwe. Jasho la mgongo hupenya kitambaa hata siku isiyo na mvua, kwa hiyo iingie kwanza kwenye mfuko usiopitisha maji wenye mdomo wa kukunjwa. Viatu vya kazini na chaja ya pili vibaki ofisini. Simu ukiiweka mfuko wa kushoto na kifaa kikuu cha masikioni kiko kulia, sauti itakatikakatika, kwa kuwa Bluetooth hutumia masafa ya 2.4 GHz ambayo maji yaliyomo mwilini huyanyonya. Hamisha simu upande mmoja nacho.

Jambo la mwisho ni la usalama, na nalitia mkazo. Mbio ya kwenda kazini ikiwekwa wazi mtandaoni inaonyesha unapoishi, unapofanya kazi, na saa ambazo nyumbani hakuna mtu. Januari 2018 ramani ya joto ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, yaani ramani inayong'arisha njia zinazopitwa sana na watumiaji wake, iliyotolewa Novemba 2017, ilizua gumzo duniani kwa sababu njia za mazoezi za askari zilichora kambi zao kwenye majangwa yaliyokuwa giza tupu. Programu nyingi zina duara la kuficha mwanzo na mwisho wa mbio. Lakini duara ambalo kitovu chake ni mlango wako halifichi kitu kwa mwenye subira: akipata nukta tatu ambapo njia zako zinachomoza, anaweza kukokotoa katikati ni wapi. Weka kitovu mahali pengine ndani ya eneo, panua duara, anza kurekodi ukiwa umeshafika kona ya tatu, na upakie mbio ukiwa umeshafika.

Na usiiachie kampuni moja kumbukumbu zako zote. Julai 2020 huduma za mtandaoni za Garmin, kampuni inayotengeneza saa za mbio, zilisimama kwa siku kadhaa baada ya shambulio la kimtandao. Saa ziliendelea kurekodi, lakini mbio hazikupanda kwenye simu. Waliojua njia walichomeka saa kwenye kompyuta kwa waya wa USB na kunakili faili za FIT, yaani zile saa inazoandika yenyewe, kutoka kwenye folda ya mazoezi. Kama saa yako hairuhusu hivyo, toa nakala za GPX, aina ya faili ya njia inayofunguka kwenye programu nyingi, kupitia tovuti ya mtengenezaji mara moja kwa mwezi, lakini jua kwamba GPX ya kawaida haibebi kila kitu. FIT ndiyo yenye mapigo, hatua na marekebisho yote. Faili la mbio ya saa nzima ni dogo kuliko picha moja ya simu, kwa hiyo nafasi si kisingizio.

Wako,
Msomaji na mkimbiaji wa kwenda kazini